Kwa nini chanjo ya seli T ya hepatitis C ilifeli, na je aliyepona kwa dawa ana kinga?

Swali lililoletwa: "Daktari shikamoo. Mi nilikuwa na hepatitis C, nikapewa vidonge vya wiki 12 nikamaliza, kipimo kinasema virusi hamna tena. Sasa katika kusomasoma nimekuta kuna chanjo ya seli T ilijaribiwa Marekani ikafeli. Nachoshindwa kuelewa ni hivi, kama wanaopona wenyewe bila dawa wanaponeshwa na seli T, chanjo iliyotengeneza hizo hizo seli T ilishindwaje? Na mimi niliyepona kwa vidonge, nina kinga au sina?"

Marahaba, na hongera kwa kumaliza dozi. Swali lako la kwanza hata sisi tunaoshinda maabara tumeligombania sana, kwa hiyo usione aibu kwamba hujaelewa. Nikupe jibu kwanza halafu ndo tuchambue. Chanjo ilifeli kwa sababu kuwa na seli T (askari wa kinga ya mwili) nyingi kwenye damu ni kitu kimoja, na kuwa na seli T zinazokitambua kirusi hichohicho kilichokuingia, zikiwa na msaada wa kutosha, na zikawahi kwenye ini, ni kitu kingine kabisa. Na la pili, hapana, huna kinga ya kuitegemea. Hilo la pili ntalirudia huko chini maana ndo linalogusa maisha yako.

Tuanze na seli T zenyewe. Antibodi ni kama mlinzi wa getini, anamdaka mwizi kabla hajaingia ndani, lakini seli T hazikai getini, zenyewe zinafanya kazi mwizi akishaingia ndani ya nyumba. Seli ya ini ikiingiliwa na virusi inakatakata vipande vidogo vya protini za virusi na kuvitundika juu ya ngozi yake kwa nje, kwenye molekuli tunazoziita HLA, na seli T inayopita inakisoma hicho kipande. Ikikitambua, inaiua hiyo seli au inamwaga kemikali, hasa intaferoni gama, inayofanya virusi vishindwe kuzaliana humo ndani. Kwa hiyo chanjo inayotegemea seli T peke yake toka mwanzo haikuahidi kuzuia mtu asiambukizwe, ahadi ilikuwa mtu aambukizwe halafu mwili uvifukuze virusi ndani ya miezi michache, visiwe vya kudumu. Watu wengi wakisikia "chanjo ilifeli" wanadhani ilifeli kuzuia maambukizi, kumbe mtihani wake haukuwa huo.

Na wazo hilo lilikuwa na msingi mzuri tu. Karibu asilimia 30 ya wanaopata virusi hivi wanavitoa wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa yoyote, tafiti mbalimbali zinataja kuanzia 15 mpaka 45. Mfano ambao mi naupenda kuliko yote ni wa Ireland. Mwaka 1977 na 1978 wajawazito wenye kundi la damu hasi walichomwa sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wa mama usije ukashambulia damu ya mtoto, na baadhi ya chupa zilikuwa na virusi vya hepatitis C, na wakati huo hakuna aliyejua maana virusi vyenyewe vilikuja kugunduliwa 1989. Baadaye wakapimwa wanawake 62,667, wakapatikana 704 wenye alama kwamba walishawahi kuambukizwa, na kati yao 390 tu, yaani asilimia 55, ndo walikuwa bado na virusi kwenye damu. Ona hapo, chanzo kimoja, virusi vya jamii moja, wote wanawake wa umri unaokaribiana, lakini karibu nusu miili yao ilimaliza kazi na wengine ikashindwa. Wataalamu walipochimba wakakuta wenye HLA aina ya B27 walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona, na HLA si ndo ile inayotundika vipande ili seli T zisome? Ushahidi ukaanza kuelekea huko.

Halafu zikaja kazi za sokwe mwaka 2003, na hizi ndo zilifunga mjadala. Walichukua sokwe ambao walishapona maambukizi ya kwanza, wana kumbukumbu ya kinga, wakawapa virusi tena, lakini kabla ya hapo wakaziondoa seli T za aina fulani kwa dawa. Walipoondoa CD8, zile za kuua, virusi vilikaa kwenye damu muda mrefu mpaka CD8 ziliporudi ndo vikadhibitiwa. Walipoondoa CD4 na kuziacha CD8 zipo, matokeo yalikuwa mabaya zaidi, virusi havikuondoka kabisa, na walipovisoma vinasaba vyake wakakuta vimebadilika palepale kwenye vile vipande ambavyo CD8 zilikuwa zinavisoma. Yaani CD8 bila CD4 zinaenda vitani, zinapigana, lakini zinapigana nusu nusu na kuvipa virusi nafasi ya kubadilika vikakwepa. Hii CD4 wengi mnaijua kutokana na Ukimwi, ndo hiyohiyo, kazi yake si kuua bali kuzisaidia nyingine zidumu. Shika hili la CD4 maana litarudi.

Kuna jambo la muda pia. Ukiambukizwa hepatitis C virusi vinapanda mpaka mamilioni kwenye mililita moja ya damu ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo, lakini seli T zinakuja kuonekana wiki ya 6 mpaka ya 8 hivi. Hapo katikati virusi vinazaliana kwa fujo, kwa makadirio kama trilioni moja kwa siku kwa mtu mwenye maambukizi ya kudumu, na kimeng'enya kinachonakili vinasaba vyake hakina uwezo wa kusahihisha makosa, kwa hiyo kila siku zinatoka nakala zenye mabadiliko mapya. Na karibu kila mgonjwa, hata yule atakayeishia kuwa na ugonjwa wa kudumu, mwanzoni anakuwa nazo CD4 zinazovitambua virusi, ila kwa hao wasiopona zinapotea baada ya wiki chache, CD8 zinabaki yatima. Kwa hiyo wazo la chanjo likawa rahisi kulieleza: tuziandae seli T kabla, ili virusi vikiingia visipewe hizo wiki 6 za bure.

Sasa chanjo yenyewe. Ilitengenezwa na kampuni iitwayo Okairos (baadaye GSK wakainunua, 2013) pamoja na watu wa Oxford. Walichagua sehemu ya virusi isiyo ya ganda la nje, kuanzia protini ya NS3 mpaka NS5B, jumla asidi amino (matofali yanayojenga protini) 1,985 hivi, ambayo ni kama theluthi mbili ya protini yote ya virusi. Sababu ni kwamba protini za ganda, E1 na E2, zinabadilika hovyo, hizi za ndani zimetulia zaidi. Kile kimeng'enya cha kunakili wakakiharibu kwa makusudi kisifanye kazi. Halafu wakaipakia jeni ya kutengeneza protini hizo ndani ya adenovirusi ya sokwe isiyoweza kuzaliana (kirusi cha kubebea tu), ya sokwe kwa sababu watu wengi tayari wana antibodi za adenovirusi za binadamu na zingeiua chanjo kabla haijafanya lolote, ni wazo lilelile lililokuja kutumika kwenye chanjo ya Covid ya Oxford na AstraZeneca. Sindano ya pili haikutumia kibebeo kilekile maana mwili ulishakijua, wakatumia MVA, kirusi dhaifu cha jamii ya ile chanjo ya zamani ya ndui. Kwa watu wenye afya waliojitolea matokeo yalikuwa mazuri mno, seli T nyingi, CD4 na CD8 zote, na zikadumu. Hata mi niliyasoma nikasema hii itafika. Na kabla ya hapo, 2006, chanjo ya wazo kama hilo iliwakinga sokwe na ugonjwa mkali wa ini hata walipopewa virusi vilivyotofautiana na vya kwenye chanjo.

Wakaenda kwenye jaribio kubwa. Baltimore, San Francisco na Albuquerque, kuanzia 2012 mpaka 2018, watu 548 wanaojidunga dawa za kulevya kwa hiyo wako hatarini kila siku, nusu yao 274 wakapata chanjo, 274 wakapata sindano isiyo na chanjo ndani. Na nisimame hapa kidogo nisifu, maana kuwafuatilia watu wenye maisha magumu namna hiyo kwa miaka, kuwachukua damu kila mara, si kazi ndogo, na bila wao tusingejua chochote. Matokeo yakatoka Februari 2021: kwa waliofuata utaratibu wote wa jaribio, walioishia na maambukizi ya kudumu walikuwa 14 kwenye kundi la chanjo na 14 kwenye kundi lingine. Kumi na nne kwa kumi na nne. Hamna kinga.

Lakini sasa hapa ndo watu wanafunga gazeti na kuondoka, na mi nasema wasiondoke. Asilimia 78 ya waliochanjwa walitengeneza seli T dhidi ya virusi. Tunalipimaje hilo? Kuna kipimo kinaitwa elispoti. Unachukua damu, unatenga seli nyeupe, unazimwaga kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, chini ya kila kishimo kuna utando uliopakwa antibodi za kunasa intaferoni gama. Unaongeza vipande vifupi vya protini za virusi, unaacha usiku mzima kwenye joto la mwili. Seli T iliyokitambua kipande inamwaga intaferoni hapohapo ilipokaa, inanaswa chini yake, na ukishaweka rangi kesho yake unaona kidoti. Kidoti kimoja ni seli moja. Kishimo cha mtu ambaye hajawahi kukutana na virusi kinakuwa cheupe au na vidoti viwili vitatu vya bahati mbaya, na cha mtu aliyechanjwa vizuri unakuta kimechafuka vidoti mpaka mashine inapata shida kuvihesabu. Ni kipimo kizuri, ila angalia kinachokuambia: kwamba seli ipo kwenye damu na inaweza kumwaga intaferoni ikionyeshwa kipande ulichokichagua wewe, na vipande hivyo unavitoa kwenye virusi vya kwenye chanjo. Hakikuambii kama itakitambua kirusi kilichoko mtaani, wala kama itafika kwenye ini.

Na kingine, waliochanjwa halafu wakaambukizwa, kilele cha virusi kwenye damu yao kilikuwa wastani wa kama 152,500 kwa mililita, wakati wasiochanjwa kilikuwa kama milioni 1.8. Hiyo ni zaidi ya mara 10. Kwa hiyo zile seli T ziling'ata, hazikuwa za mapambo. Ziling'ata halafu zikashindwa kumalizia, na mi naona hili ndo la kulitafakari kuliko hata lile la 14 kwa 14.

Zilishindwa kumalizia kwa nini? Sababu ni kadhaa, ila mi nazipa uzito tofauti. Ya kwanza kwangu ni kutofanana kwa virusi. Virusi hivi vina matawi yanayoitwa jinotaipu, na chanjo ilitengenezwa kwa jinotaipu 1b, na kwa watu wanaojidunga Marekani zinazotembea zaidi ni 1a na 3a. Jinotaipu na jinotaipu zinatofautiana karibu asilimia 30 ya herufi za vinasaba, hiyo ni tofauti kubwa kupita maelezo. Nikuonyeshe kwa karibu. Kuna kipande kwenye NS3 tunakijua sana, kinaanzia asidi amino ya 1073, kina asidi amino 9 tu, na mtu mwenye HLA-A2 mara nyingi anazo seli T za kukisoma. Kwenye jinotaipu 1 kinasomeka CINGVCWTV. Kwenye jinotaipu 3 mahali palepale panasomeka TVGGVMWTV. Hesabu mwenyewe, herufi 4 kati ya 9 zimebadilika. Seli T iliyofundishwa ya kwanza ikikutana na ya pili kwa kawaida inapita tu kama haijaona kitu. Sasa zidisha hilo kwa vipande vyote ndo uone, elispoti yako maabara inaonyesha vidoti kibao, lakini dhidi ya kirusi kilichomwingia yule mtu huenda zinazofanya kazi ni seli chache, na kirusi kikibadilisha sehemu moja au mbili tu kinakuwa kimeshatoroka.

Ya pili ni CD4. Seli za chanjo kwa sehemu kubwa zilikuwa CD8, na nimeshakuonyesha sokwe wa 2003 walituambia nini kuhusu CD8 zilizokosa msaada. Tena kwa hawa wanaojidunga mwitikio kwa ujumla ulikuwa mdogo kuliko kwa wale wenye afya wa mwanzo. Ya tatu, hakukuwa na antibodi kabisa dhidi ya ganda, maana E1 na E2 hazikuwemo, kwa hiyo virusi viliingia kwa idadi yoyote vilivyotaka na kazi yote ikabaki kwa seli T. Wengine wanasisitiza pia kwamba seli T za kwenye damu si zile zinazokaa ndani ya ini zikisubiri, na ini ni kiungo kinachovumilia sana wageni, kinapokea kila kitu kutoka tumboni kwa hiyo kimezoea kuzituliza seli za kinga. Hoja ina akili ila kuipima kwa binadamu ni kazi, nani atakubali kutobolewa ini kila wiki.

Kwa hiyo sasa tunaenda wapi? Pa kujaribia pamepungua maana tafiti za maambukizi kwa sokwe Marekani zimefungwa, na sikitiko langu kwa hilo ni dogo, wale wanyama walishatufanyia vya kutosha. Badala yake kuna virusi vya panya, ndugu wa karibu wa hepatitis C, na panya waliochanjwa kwa protini za ndani za virusi hivyo, wazo lilelile, wengi walivifukuza. Huko ndo tunajifunza lini seli T zinashinda na lini zinachoka. Oxford wanafanyia kazi chanjo yenye vile vipande tu vinavyofanana kwenye jinotaipu nyingi, kwa hiyo kirusi kikibadilika hapo kinajiumiza chenyewe. Wengine wanaiunganisha protini ya virusi na protini fulani ya mwili inayoongeza mwitikio wa seli T. Na kuna Michael Houghton, mmoja wa waliogundua virusi hivi na kupata Nobel 2020 pamoja na Harvey Alter na Charles Rice, yeye miaka yote amekomaa na E1E2 kwa ajili ya antibodi. Maoni yangu? Hao wa antibodi na hao wa seli T waache kubishana wakae kwenye sindano moja. Antibodi zipunguze vinavyoingia, seli T zimalizie vilivyopenya. Kilele kushuka mara 10 bila antibodi hata moja kinanipa moyo kwamba kilichokosekana hakikuwa kingi.

Kuna pia pendekezo la kuwaambukiza kwa makusudi watu wazima waliojitolea, wakishachanjwa, kisha wasipopona wapewe vidonge. Zamani ningesema huo ni wazimu, lakini dawa zinaponya zaidi ya asilimia 95 kwa wiki 8 au 12, hesabu imebadilika. Jaribio la watu mia chache kwa miaka 6 linaweza kuwa la watu wachache kwa miezi. Masharti ya maadili lazima yawe makali kweli kweli, ila mi sipingi.

Mtu atauliza, kama dawa inaponya hivyo chanjo ya nini? Kwa hesabu za WHO watu milioni 50 hivi wanaishi na virusi hivi, wapya kama milioni moja kila mwaka, na mpaka 2022 waliokuwa wamegunduliwa ni asilimia 36 tu, waliopata dawa asilimia 20. Huwezi kumpa vidonge mtu asiyejua kama anaumwa.

Na hapo ndo nakuja kwako. Mtu aliyepona mwenyewe bila dawa, akiambukizwa tena, mara nyingi anavitoa tena, kwa utafiti mmoja ilikuwa kama 8 kati ya 10, na kilele kinakuwa cha chini na cha muda mfupi. Wewe hukupona kwa njia hiyo. Seli T zako zilipigana na virusi miaka mingi, na seli T zikipambana muda mrefu bila ushindi zinachoka, zinaota alama za kujizuia kama PD-1, na mpangilio wa jeni zake unabadilika jinsi unavyofunguka na kufungwa. Kazi zilizotoka 2021 zimeonyesha kwamba hata virusi vikiondolewa kwa vidonge, makovu hayo yanabaki kwa sehemu kubwa, seli zinaonekana zimepumzika lakini uwezo wake haurudi wa mwanzo. Zipo chache zenye sura ya kumbukumbu, ni kweli, ila usiziwekee dhamana.

Kwa hiyo ukichangia sindano, wembe, vifaa vya kuchora tatoo au chochote chenye damu ya mtu mwingine, unaweza kuambukizwa upya kama mtu ambaye hajawahi, na dawa ipo ya kukutibu tena, usiogope kwenda. Na kitu kimoja cha vitendo ambacho wengi kinawapa presha bure: antibodi zako zitabaki chanya miaka na miaka, labda maisha yote, na hazimaanishi ugonjwa umerudi wala hazimaanishi una kinga. Ukipimwa kile kipimo cha haraka cha kidole kitasoma chanya tu. Ukitaka kujua kama umeambukizwa tena omba kipimo cha RNA, kile kinachotafuta virusi vyenyewe. Na kama kabla ya matibabu ini lako lilishafika kwenye kovu kubwa, endelea na utrasaundi kila miezi 6 hata kama virusi hamna, maana hatari ya saratani ya ini inapungua ila haiishi.